Baba na Boksi la Besi

Mwaka jana wanakwaya wa kanisa letu walinituma dukani nikawasaidie kuchagua amplifaya ya gitaa la besi, kwa sababu tu wanajua nilizaliwa katika nyumba ya mpiga besi. Kijana wa duka alichomeka waya, akawasha, na kabla sauti haijatoka ikatangulia harufu: vumbi lililolala juu ya chuma linapoanza kupata moto, pamoja na kitu kama risasi ya kulehemu. Kijana aliendelea kunieleza habari za wati na ukubwa wa spika. Mimi nilitikisa kichwa kama ninayefuata, kumbe nilikuwa mbali naye. Nilikuwa mtoto wa mapengo tena, Homa Bay, katika mwaka ule ambao sikuelewa lolote lililokuwa likitendeka nyumbani kwetu.

Baba alikuwa Mjaluo wa kandokando ya ziwa na Mama alikuwa Mkuria wa Isebania. Hakuna aliyeijua vizuri lugha ya mwenzake, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotulea, Kiswahili chenye viraka vya huku na huku ambacho mwalimu wangu alikipiga wino mwekundu kila wiki. Siku za kazi Baba aliendesha mashine ya kusaga unga karibu na soko. Mashine ile ilinguruma kutwa nzima, naye alirudi jioni nyusi zikiwa nyeupe kama za mzee. Mwisho wa wiki alinawa, akavaa shati la mikono mirefu, akawa mtu mwingine. Alipiga besi katika bendi ya rafiki yake Ouko.

Ouko alipiga gitaa la solo na ndiye aliyekuwa mkubwa wa bendi. Tulimwita Anko ingawa hatukuwa na undugu. Yeye na Baba walikuwa wamesoma pamoja, wakaacha shule pamoja, wakajifundisha gitaa moja lenye nyuzi pungufu, wakipokezana. Mtu akimtafuta mmoja wao alimuuliza mwenzake.

Nyinyi wa rika langu mtakumbuka bendi za wakati ule. Harusi, harambee, matanga ya mtu mwenye jina, hazikukosa bendi, na vyombo vyenyewe vilikuwa vya kubahatisha. Bendi ya Anko Ouko ilikuwa na amplifaya moja tu, iliyobeba solo na besi kwa pamoja, na boksi la plaiwudi alilounda fundi wa redio. Karatasi ya ile spika ilikuwa imegundishwa mpaka ikawa na makovu. Besi ikipandishwa, boksi lilikwaruza kama mtu anayepasua shuka, na solo ya Anko Ouko ikazama humo ndani isionekane tena.

Mwaka ule besi ilianza kupanda. Walifanyia mazoezi uani kwetu, na kila Jumamosi Baba aliongeza sauti kidogo. Anko Ouko alimfanyia ishara ya mkono kuwa apunguze. Baba alipunguza, akangoja, kisha nikaona kidole chake kikirudi tena kwenye kitufe. Vikombe viligongana kabatini. Mama aliondoa picha ya bibi ukutani akailaza kitandani.

Mimi nilidhani Baba ana hasira. Kwa akili ya mtoto, mtu anayepandisha sauti amekasirika, na niliona dalili nyingine zilizonithibitishia. Nilimwita kutoka mlangoni na hakugeuka. Nilimsalimia asubuhi na alipita na kata ya maji kama nimekuwa ukuta. Halafu siku nyingine nilipokaa mbele yake alinichekea, akanivuta shavu, akaniuliza habari za shule kana kwamba hakuna kilichotokea. Sikujua nishike lipi. Nilikaa nikijichunguza nimekosa nini siku alizoninyima jibu, na nimefanya jema gani siku alizonichekea, nikashindwa kupata mpangilio wowote.

Mama naye alikuwa amebadilika. Zamani hakuwa mtu wa kumwingilia Baba. Sasa mgeni akija akauliza swali, Mama ndiye aliyejibu, mara nyingi huku akimshika Baba mkono. Mtu akimwita Baba njiani, Mama alimvuta shati. Bombani niliwasikia wanawake wakisema kwamba yule Mkuria amemkalia mumewe, na kwamba mume mwenyewe tangu ashike gitaa amekuwa na maringo, hasalimii watu. Nilirudi na ndoo yangu nikiwa na mambo mawili kichwani yasiyokaa pamoja: Baba anaringa, na Mama anamtawala. Mtu anayeringa hutawaliwaje?

Ugomvi wa vyombo ulifika mahali ukahitaji kwisha. Anko Ouko alisema besi ipate amplifaya yake, solo ibaki na ile ya zamani, kila mtu apumue. Wakakubaliana waende Migori, kwa Mzee Salim, mfanyabiashara wa kutoka pwani aliyekuwa na duka la redio na vyombo vya muziki. Vingine alivinunua kwa bendi za upande wa pili wa mpaka zilizokuwa zikivunjika. Ilikuwa likizo, na Mama alikuwa anipeleke kwa bibi Isebania, kwa hiyo tukaenda wote katika pikapu ya kukodi.

Mzee Salim aliwapangia vyombo viwili sakafuni. Cha kwanza kilikuwa amplifaya ndogo yenye spika yake ndani, nadhifu, ya kubebwa kwa mkono mmoja. Cha pili kilikuwa na sehemu mbili. Juu palikuwa na kichwa cha chuma, ndiyo amplifaya yenyewe, chenye taa za kioo ndani, zilizowaka rangi ya machungwa kama makaa. Chini palikuwa na boksi jeusi refu kunizidi, lenye spika pana kama sinia la pilau. Aliwaeleza kuwa kichwa na boksi lazima vielewane, kwamba ukifunga kichwa hiki na boksi la nguvu nyingine utakuja kulia, na kwamba chombo hiki kikubwa kinataka jenereta lenye kifua.

Anko Ouko alitaka kile kidogo. Alisema kinaingia popote, hakichoshi jenereta, na sauti yake ni safi, kila noti unaisikia imesimama peke yake. Baba alitaka lile boksi. Alisema tunapiga viwanjani, hakuna kuta za kurudisha sauti, na besi ya kitoto hufia miguuni mwa watu wa mstari wa mbele. Leo, baada ya kuketi na wapigaji wengi, najua wote wawili walisema kweli. Siku ile niliona tu watu wazima wawili wanaopendana wakizungumza kwa meno.

Mzee Salim akasema wajaribu. Baba alipiga kile kidogo, akakunja uso, akaongeza sauti, akakunja uso zaidi. Kisha akahamia kwenye boksi. Lakini hakusimama mbele yake kama mnunuzi. Alizunguka nyuma, akalibandika mgongo, akapiga akiwa amefumba macho. Taratibu uso wake ukafunguka. Sikuwa nimemwona ametulia vile tangu mwaka uanze. Nikadhani amechoka na safari na amepata pa kuegemea.

Mzee Salim alikuwa upande wa kaunta, nyuma ya bega la Baba. Alimwambia kwa upole kwamba hapo nyuma hapasikiki kitu, aje mbele. Baba hakujibu. Akarudia. Mama akaanza kwenda, lakini Mzee Salim alikuwa amekwisha kumtazama Baba, akamtazama Mama. Alichukua kitambaa akaanza kufuta kioo cha kaunta ambacho hakikuwa na uchafu. Anko Ouko alikuwa ameinama anachunguza jeki za waya. Hakuona.

Boksi likanunuliwa. Anko Ouko alikubali kwa shingo upande, na ilibidi wanaume wawili walibebe hadi kwenye pikapu. Wakati tunaagana, Mzee Salim alimwambia Mama jambo kwa sauti ya chini. Nilisikia mwisho wake tu.

"Mtu kama huyu hafichwi, mama. Hafichiki."

Mama akamwambia asante. Nilikwenda na maneno hayo hadi Isebania, nikiyageuza kichwani. Wanaofichwa ni wezi, kwa nilivyojua mimi. Kwa bibi nililala na wazo kwamba Baba ameiba kitu, na kwamba kitu chenyewe kimo ndani ya lile boksi.

Harusi ya kwanza ya boksi lile ilikuwa Ndhiwa, kwenye uwanja wa shule, mchana wa jua kali baada ya likizo kwisha. Ilikuwa harusi ya watu wenye nafasi, mahema meupe, viti vya plastiki, keki ya ngazi iliyosimama juu ya meza peke yake kama mgeni wa heshima. Bendi ilipewa nafasi karibu na meza ya maharusi. Jenereta lilikuwa la kanisa, dogo, limefungwa kwa kamba kwenye mti lisitembee.

Wimbo wa kwanza ulipoanza, keki ikatetemeka. Nayakumbuka mapambo yake ya sukari yakicheza peke yake, na shangazi wa bwana harusi akiirukia akaikumbatia kwa mikono miwili. Watu walicheka, shangazi hakucheka. Wasimamizi wakaja, wakazungumza na Anko Ouko, na mwishowe lile boksi likahamishwa. Walilibeba hadi ng'ambo ya uwanja, karibu na wapishi, wakavuta waya mrefu kufikia gitaa la Baba. Baba alibaki penye bendi, mgongo wake hauna kitu.

Nilimwona akitazama nyuma mara kwa mara, pale boksi lilipokuwa. Kisha akasogea karibu na mpiga ngoma, akawa anautazama mguu wake, na anautazama mkono wa Anko Ouko, mguu, mkono, kama mtu anayevuka barabara. Akapiga. Kwa muda mambo yalikwenda vizuri sana. Besi ilitoka kule kwa wapishi ikiwa nene na ya upole, na wakwe wakaingia uwanjani kucheza.

Katikati ya wimbo, besi ikakatika. Baadaye walisema jenereta liliyumba na fyuzi ya kile kichwa ikaungua. Sisi tulisikia tu wimbo ukibaki mwembamba, kama chai iliyozidishiwa maji. Wachezaji walipunguza miguu, wakaangaliana. Na Baba aliendelea kupiga. Vidole vyake vilipanda na kushuka kwenye nyuzi, kichwa kikiitikia, na alikuwa anatabasamu, kwa kuwa alikuwa amewaona watu wanacheza. Hakukuwa na sauti yoyote inayotoka kwake.

Mtu alianza kucheka, wengine wakafuata. Nilifikiri labda ni mchezo wa harusi, kwamba Baba anaigiza. Halafu nikafikiri labda sisi ndio tumeziba masikio. Nikajitia kidole sikioni nikakizungusha. Nikamvuta Mama nguo nikamuuliza kwa nini gitaa halitoi sauti.

"Nyamaza," Mama alisema, na hakunitazama. "Baba yako anapiga."

Anko Ouko alikuwa amegeuka kuelekea kule kwa wapishi, akaliona boksi, akarudisha macho kwa Baba. Akamtazama kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno. Nilingoja amguse bega, asimamishe wimbo. Badala yake aliacha solo yake. Aliiacha kabisa, ile solo aliyoipenda kuliko chakula, akashuka kwenye nyuzi nene za gitaa lake, akaanza kupiga besi ya Baba kwa kidole gumba. Hakukosea hata mahali pamoja. Alipiga akiwa amewapa watu mgongo na uso wake ameuelekeza kwa Baba, mpaka wachezaji wakapata miguu yao tena, mpaka wimbo ukaisha. Watu wakapiga makofi. Baba akainamisha kichwa kuwashukuru.

Wakati wa mapumziko ya chakula walikwenda nyuma ya hema, Baba, Mama na Anko Ouko, nami nikashika kanga ya Mama. Anko Ouko alisimama nyuma ya Baba, akamwita kwa jina, si kwa sauti kubwa. Baba alikuwa anakunja waya. Akamwita tena. Kisha akazunguka mbele, akamshika mabega.

"Tangu lini?"

Baba akamtazama Mama. Mama akafungua mdomo, na Anko Ouko akasema, "Shemeji, tafadhali. Wacha ajibu mwenyewe."

Baba alisema sikio la kushoto ndilo lilianza, kule kwenye mashine ya unga, na hili lingine likalifuata polepole. Alisema solo alikuwa haisikii tena ila akiwa karibu, sauti za watoto ndizo zilitangulia kupotea, na besi ndiyo ilibaki, lakini mwilini, si masikioni. Aliyasema yote huku anakunja waya uleule, anaukunjua, anaukunja.

"Kwa nini hukuniambia, omera, ndugu yangu?"

"Ungeniambia nikae nyumbani."

Nilimtazama Anko Ouko nikingoja aseme hapana. Hivyo ndivyo watu wazima husema. Akatazama viatu vyake.

"Ndiyo," akasema. "Ningekuambia hivyo."

Fyuzi ikabadilishwa, lakini Baba hakurudi uwanjani. Alikaa garini na gitaa lake mapajani hadi jioni, na bendi ikamaliza bila besi. Wakaturudisha Homa Bay, wakashusha boksi, wakaondoka bila kunywa chai.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko zote. Mama alikuwa amenieleza, kwa maneno mafupi, kwamba masikio ya Baba yana ugonjwa, niseme naye nikiwa mbele yake. Nilielewa maneno, sikuelewa jambo. Kama ni ugonjwa, mbona hakupelekwa hospitali, mbona hakulala? Baadaye nilijua kwamba alipelekwa na wakamwambia hakuna la kufanya. Na kama ni mgonjwa, mbona Anko Ouko haji kumwona, wakati hata mbuzi wa jirani akiugua watu huja? Boksi lilikaa sebuleni limefunikwa shuka, Jumamosi zikapita, ua wetu ukawa na kuku tu. Nilisikia wamejaribu mpiga besi mwingine kutoka Rongo. Baba hakulitaja. Alikwenda mashineni, akarudi na nyusi zake nyeupe, akakaa.

Bendi ile ilipiga na Baba miaka mingi baada ya hapo, na wengi waliocheza mbele yake hawakujua chochote. Lakini siku ambayo hilo lilianza mimi sikuitambua, niliielewa kinyume kabisa.

Ilikuwa asubuhi. Anko Ouko aliingia uani na mkokoteni uliojaa mbao. Hakusalimia vizuri. Aliomba nyundo, Mama akampa, na yeye na Baba wakafanya kazi bila kuzungumza, maana misumari ikiwa mdomoni hakuna anayeweza kusoma midomo. Walitengeneza kitu kama kitanda kipana cha chini, kisicho na godoro, mbao zimebana. Wakalitoa boksi sebuleni, wakalilaza kwa mgongo juu ya mbao hizo, wakalifunga kwa mikanda ya mpira wa magurudumu. Anko Ouko akamwonyesha Baba asimame upande mmoja wa mbao na gitaa lake. Akawasha, akaishusha sauti chini sana, chini kuliko ilivyopata kuwa. Akamwashiria apige.

Kisha yeye mwenyewe akavua viatu, akapanda upande wa pili wa mbao, akatia vidole masikioni, akafumba macho.

Nikajua yameharibika. Amekuja hadi kwetu kumwonyesha Baba waziwazi kwamba hataki tena kuisikia besi yake. Nilimtazama Mama nione kama atamfukuza. Mama alikuwa mlangoni, mwiko mkononi, uji unadondoka sakafuni na yeye hauoni.

Baba akapiga. Sauti ilikuwa ndogo hata kuku hawakuondoka, ila mbao zilitetemeka chini ya nyayo zao. Alipiga wimbo mzima, taratibu, akimtazama Anko Ouko usoni, na Anko Ouko hakutikisika, vidole masikioni hadi kwenye vifundo. Wimbo ulipokwisha alibaki vilevile kidogo. Halafu akavitoa vidole, akamgeukia Baba vizuri, mdomo wake uonekane.

"Iko," alisema.

Baba akaitazama ile midomo mpaka ilipofunga.

"Iko," akajibu, na akauanza wimbo upya.